Shamba ni letu, kelele ni za nani?

Wiki hizi barua za mashamba ya familia zimenijaa, sijui mmeambiana au ni msimu tu. Nyingi zinafanana: kuna ardhi ya mzee huko shamba, hakuna anayeishi pale, hailimwi sana, watoto na wajukuu wanaenda wikiendi kupumzika na kucheza, afu ng'ambo ya mpaka kuna mtu anaishi pale siku zote saba, na kwake pale si pa kupumzikia, ni nyumbani. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imebeba karibu kila kitu, msinilaumu.

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni ndugu watano, mzee alituachia shamba kubwa tu, katikati kuna bonde na kijito kinapita chini. Vijana wetu wamechonga njia ya pikipiki, ina vilima vya kuruka na kona, kila Jumamosi na Jumapili wanakimbizana. Ng'ambo ya bonde kuna mama mmoja mwalimu mstaafu, amejenga miaka sita iliyopita, yaani alitukuta. Akaanza kulalamika, tukampuuza, sasa hivi tukifika tu anawasha majani mabichi upande wetu, moshi wote unakuja kwenye mahema. Mwezi uliopita mdogo wangu naye akaibeba jenereta akaiweka mpakani kabisa, makusudi. Uongozi wa kijiji umetuita. Mi naona shamba ni letu, tuko ndani ya mipaka yetu, kwake hatujakanyaga hata siku moja, tuulizwe nini? – Kifungua mimba

JIBU: Kaka, nianze na hilo la "alitukuta" maana naona mmelishika kama ngao. Sijui kesi yenu itaamuliwa kwa sheria ipi, kila nchi ina yake na kuna sehemu hata wilaya ina kanuni zake za kelele, kwahiyo zitafuteni kabla ya hicho kikao. Ila hiyo ngao ina tundu. Uingereza kulikuwa na kesi ya Coventry dhidi ya Lawrence, uwanja wa mbio za pikipiki na magari huko Suffolk ulikuwepo tangu miaka ya 1970, baadaye ikaongezwa na njia ya motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo na vilima) nyuma yake, walalamikaji wakanunua nyumba jirani mwaka 2006 wakati mbio zinaendelea kama kawaida. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikasema kwamba mtu kuja akaikuta kero hakumnyimi haki ya kuilalamikia. Lile la "mlitukuta" halikuwabeba wenye uwanja.

Na hilo la "ndani ya mipaka yetu" nalo lina mwisho wake. Jiwe la mpaka linazuia miguu, halizuii sauti wala vumbi wala moshi. Ujerumani sheria yao ya madai, iliyoanza kutumika mwaka 1900, inamwambia mwenye ardhi avumilie moshi, kelele na mtikisiko wa jirani ikiwa ni kidogo, ikizidi ana haki ya kuzuia. Ufaransa mahakama yao kuu ilishaweka tangu 1986 kwamba hakuna anayeruhusiwa kumsababishia jirani usumbufu uliopita kiasi, na 2024 wakaliingiza kwenye kitabu cha sheria. Ukiangalia wote wanauliza swali moja tu, imezidi? Hakuna anayeuliza shamba la nani. We umeniandikia barua nzima kunithibitishia shamba la nani.

Sasa jenereta. Hapo mdogo wako kawaharibia kuliko pikipiki zote. Mwaka 1936 huko huko Uingereza kuna jamaa alikuwa anafuga mbweha wa manyoya, jirani yake hakupenda bango alilosimika kutangaza hao mbweha maana yeye jirani alikuwa anataka kuuza viwanja, basi akamtuma mwanawe apige bunduki mpakani, kwenye ardhi yao wenyewe, wakati wa mbweha kuzaliana, maana mbweha jike akishtuka anaweza hata kula watoto wake. Bunduki shambani ni kitu cha kawaida, siku nyingine asingeguswa. Ila mahakama iliangalia nia, ikampiga zuio na fidia juu. Kelele ileile ikitoka kwenye mchezo inaweza kuvumilika, ikitoka kwenye ukorofi haivumiliki. Kwahiyo jenereta irudi ilikotoka leo, kabla ya kikao, msisubiri kuambiwa. (Na ndiyo, moshi wa majani mabichi nao unahesabika hivohivo, ila huyo mama sio aliyeniandikia.)

Tuje kwenye kitu kinachosaidia. Kaka, umewahi kukaa kwa huyo mama wakati vijana wanaendesha? Sio kupita, kukaa. Sisi kwetu tulikuwa na pampu ya maji ya injini, nilikuwa naapa kabisa kwamba haisikiki, mpaka siku nilipokaribishwa kwa jirani kwenye mazungumzo ya msiba, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani kwake, watu wanaongea taratibu, na ile pampu inagonga tu tu tu tu kama iko chini ya kiti, mzee mmoja anaongea inabidi arudie sentensi mara mbili. Hakuna aliyesema kitu. Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu ilikuwa haisikiki kwa sababu ilikuwa nyuma ya ghala, kwao kulikuwa wazi.

Ndo kilichopo kwenye bonde lenu. Sauti kwenye uwazi inapungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali ukizidishwa mara mbili, na sikio la mtu linahitaji kama desibeli 10 zipungue ndo lione kelele imekuwa nusu. Maana yake ukihamisha njia kutoka mita 200 hadi mita 400 umehangaika na majembe wiki nzima na mama anasikia karibu vilevile. Kati yenu kuna bonde, hewa tupu, hakuna kinachoimeza sauti njiani. Kama kutoka kwenye njia ya pikipiki unaliona paa lake basi sauti nayo inaliona. Jioni inakuwa mbaya zaidi, ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, sauti inajikunja inarudi chini badala ya kupotelea angani, ndo maana mlio wa saa kumi na mbili unafika mbali kuliko wa saa saba mchana. Dawa ni kuipeleka njia nyuma ya kilima, au kuinua tuta refu la udongo karibu kabisa na pikipiki zinapopita. Mstari mmoja wa miti hauzuii kitu cha maana, unazuia macho tu. Afu angalieni vile vilima vya kuruka viko wapi, maana pale ndo kijana anafungua mafuta yote, injini inalia juu hewani bila mzigo, ukihamisha viwili vya upande wa mama umefanya kazi kubwa kuliko kuhamisha njia nzima. Na mrudishe sailensa kwenye mabomba ya moshi, najua wamezitoa, wote huwa wanazitoa.

Halafu ratiba. Hili nalisema nikiwa nimesoma barua nyingi za namna hii: watu wanavumilia kelele kubwa kama wanajua zinaanza lini na zinaisha lini, na wanashindwa kuvumilia kelele ndogo wasiyojua mwisho wake. Mama akijua ni Jumamosi saa nne hadi saa saba anapanga mambo yake, anaenda kusalimia watu, anafua. Asipojua, Ijumaa jioni tu ameshaanza kuwasikia na hamjafika.

Mahakama zenyewe zikikwama huwa zinarudi hapohapo. Kuna kesi ya Kennaway dhidi ya Thompson, Uingereza, uamuzi wa rufaa ulitoka 1980. Mwanamama alijenga nyumba pembeni ya ziwa ambalo klabu ilikuwa inafanya mbio za boti za injini, boti zikaongezeka, zikawa kubwa, wikiendi kwa wikiendi. Mahakama haikufunga klabu. Ilikaa ikapanga kalenda kama katibu wa michezo: shindano moja la kimataifa la siku tatu kwa msimu, mawili ya siku mbili mbili, matatu ya siku moja moja, na nje ya siku za mashindano hayo boti yoyote inayopita desibeli 75 isiingie majini. Sasa fikiria walichotumia kwa mawakili mpaka wakafika kwenye kalenda ambayo wangeweza kuiandika wenyewe kwenye karatasi ya daftari.

We fanya hivi. Kabla ya kikao, kaeni nyie watano, hata kwa simu, mkubaliane nani anaongea na anaongea nini, maana nimeona familia zinaenda kikaoni kila mtu na lake, mmoja anaahidi mwingine anatukana, jirani anatoka pale hajui ameongea na nani. Mkishamaliza mwende wawili, wewe na dada yenu mmoja, vijana wasiende kwanza. Na kama kwenda ni aibu baada ya jenereta, anza na ujumbe, mfano:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtoto mkubwa wa mzee wa ng'ambo ya bonde. Naomba radhi kwa jenereta, imeshaondolewa. Tunaomba tuje tukae kwako siku vijana wanaendesha tusikie unachosikia, afu tupange siku na saa. Tumefikiria Jumamosi moja kwa wiki mbili, saa nne hadi saa saba, Jumapili hamna kabisa. Ukiwa na mgonjwa au shughuli unanipigia mimi, hiyo siku haiendeshwi. Namba yangu ni hii."

Usiweke hapo "ingawa shamba ni letu". Anajua.

SWALI: Babu yetu alichimba bwawa kwenye shamba la familia, watu wa jirani wamekuwa wakija kuvua na watoto wao kuogelea tangu mimi mdogo. Sasa baba mdogo anataka kuweka uzio, anasema mtoto akizama tutafungwa sisi. Majirani wanasema ni haki yao, wamelitumia miaka yote. Binafsi sipendi uzio ila naogopa. Nani yuko sahihi? – Mjukuu wa kati

JIBU: Baba mdogo yuko sahihi kuogopa, majirani huenda wana hoja, na uzio pekee yake hautamaliza. Pole, najua ulitaka jibu moja.

Hoja ya majirani inategemea kitu kimoja kidogo sana ambacho familia nyingi hazikikumbuki: babu aliwaruhusu, au aliwaona tu akanyamaza? Kwenye sheria za asili ya Kiingereza, ambazo nchi nyingi zilirithi, njia au matumizi ya ardhi ya mwenzio yanaweza kugeuka haki ukiyafanya wazi, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila ruhusa, kwa muda mrefu, Uingereza kwenyewe ni miaka 20, kwingine muda ni tofauti na kuna nchi sheria imelifuta kabisa hilo. Angalia neno "bila ruhusa". Aliyepewa ruhusa hajengi haki, maana anakuja kwa hisani yako na hisani inarudishwa. Aliyenyamaziwa ndo anaweza kuja kudai. Kwahiyo kichekesho ni kwamba mkorofi aliyesema "haya njooni, ila nimewaruhusu mimi" amejilinda kuliko mpole aliyekaa kimya miaka thelathini. Na msidhani michezo haihesabiki, mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba hata haki ya kutumia bwawa la kuogelea na viwanja vya michezo kwenye ardhi ya mwingine inaweza kushikamana na nyumba ya jirani na kuhama nayo, ingawa pale haki ilikuwa imeandikwa kwenye hati na wala haikutokana na mazoea.

Kuna sehemu mambo haya yamegeuzwa kabisa. Sweden, Norwei, Finland, mtu yeyote anaruhusiwa kutembea kwenye msitu au mbuga ya mtu binafsi, Norwei sheria yao ni ya 1957, Skotilandi nao wakapitisha ya kwao 2003, ila kote huko unakaa mbali na nyumba ya mtu, hukanyagi mazao, huharibu kitu. Nakuambia hili ili ukisikia mtu amesoma mahali kwamba "ardhi ni ya wote" ujue amesoma habari ya wapi.

Sasa kuzama. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2021 walizama na kufa watu kama 300,000 duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kuhusu nani anabeba lawama, mahakama huwa zinatofautisha mtu mzima aliyeona hatari kwa macho yake na mtoto. Kule Uingereza kijana wa miaka 18 aliruka kichwa chini kwenye ziwa la hifadhi, maji yalikuwa mafupi, akavunjika shingo, na mwaka 2003 majaji wa juu wakasema hatari ya kupiga mbizi kwenye maji mafupi iko wazi, wenye ziwa hawawajibiki. Inauma kuisoma lakini ndo hivo. Mtoto wa miaka sita hahesabiwi hivo popote ninapopajua mimi. Marekani majimbo yote yana sheria za kumpunguzia lawama mwenye ardhi anayeacha watu wajifurahishe kwake bure, na kwa kawaida ukianza kutoza kiingilio kinga inaondoka, kwahiyo kama kuna ndugu ameshaanza wazo la kuchaji wavuvi, mwambie aulize bima kwanza.

Mi ningefanya nini? Ningezunguka hilo bwawa kwa miguu. Mabwawa ya kuchimba yana ubaya mmoja, kingo zake zimesimama wima, mtoto anateleza kwenye tope, anashika ukingo, udongo unamegeka mkononi, anashika tena unamegeka tena. Chongeni upande mmoja uwe mteremko mrefu wa kutokea, mita kadhaa, mtu aweze kutoka kwa magoti. Simikeni nguzo yenye alama za kina. Fungeni kamba ndefu na dumu tupu lililofungwa kifuniko kwenye mti, pembeni kabisa ya maji, dumu linaelea, mtu asiyejua kuogelea analitupa badala ya kujitupa. Uzio wekeni ule upande wa karibu na nyumba zenye watoto wadogo, na geti. Halafu ruhusa iandikwe: familia inaruhusu kuvua na kuogelea mchana, mtoto awe na mtu mzima, ruhusa inaweza kuondolewa. Kibao, na karatasi ambayo wakubwa wa pande zote wamesaini. Majirani wakikataa kusaini kwa sababu "ni haki yetu", hapo ndo utafute wakili, sio kabla.

SWALI: Kwenye shamba letu tunalenga shabaha kwa bunduki ndogo ya .22, vibali vyote tunavyo. Jirani anasema risasi zinapita kwake. Haiwezekani, ni bunduki ndogo na kuna zaidi ya kilomita moja! – Mlenga shabaha

JIBU: Inawezekana. Risasi ya .22 ikipigwa juu kidogo inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe au maji inabadili njia inakwenda inakotaka. Acheni leo. Mpaka pawe na tuta nene la udongo usio na mawe nyuma ya shabaha, refu kuliko mtu, na aliyehitimu mambo hayo aje alikague, hapo pasipigwe hata moja. Kibali kinakuruhusu kumiliki, hakisimamishi risasi. Na mwendeeni jirani mkaangalie naye wapi zimetua, anaweza kuwa ameokota.

SWALI: Mimi niko upande wa pili wa habari hizi. Nimepakana na shamba la urithi, warithi ni saba. Kila mwisho wa wiki anakuja mmoja au mwingine na marafiki, moto mkubwa, spika mpaka saa tisa usiku, na siku hizi kuna droni inapita juu ya uwanja wangu nikiwa naanika nguo. Nikimfuata huyu anasema sio mimi ni kaka, kaka anasema ongea na dada, dada yuko nje ya nchi. Mume wangu anasema tuidungue hiyo droni. – Nimechoka

JIBU: Dada, msidungue. Najua raha yake, lakini ikianguka mmehama kutoka kwenye kulalamika mpaka kulalamikiwa, nchi nyingi ni kosa, na ikimwangukia mtu ni balaa. Kipande cha video ukimpiga nacho picha mwenye rimoti amesimama na droni iko juu ya kamba yako ya nguo kina thamani kuliko droni iliyovunjika. Nchi nyingi droni zina mamlaka yake, ileile ya usafiri wa anga, wanapokea malalamiko, na ni kitu kimojawapo ambacho warithi huwa wanakiogopa haraka.

Kuhusu warithi saba, umenifurahisha kwa huzuni. Watu wakimiliki ardhi pamoja bila kuigawa, kwa kawaida kila mmoja ana haki ya kuitumia yote, hakuna anayeweza kukuambia kona ile sio yangu. Lakini we hukuhitaji kumjua mmiliki. Anayewasha spika ndo anayekukera, muanze na yeye, awe mrithi awe rafiki awe amekodi. Kwenye ile kesi ya Coventry, walalamikaji walitaka na wenye ardhi waliowakodisha waendesha mbio nao walipe, mahakama ikakataa, ikasema mwenye ardhi anaingia tu kama ameshiriki au ameruhusu kero yenyewe. Kwahiyo dada aliye nje ya nchi muache, isipokuwa kwa kazi moja nitakayokuambia.

Anza na daftari. Andika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, na kilichokushinda kufanya. Hicho cha mwisho ndo watu wanasahau. "Kelele nyingi" haimwambii mtu kitu, lakini "saa nane usiku mtoto ameamka mara ya tatu, nimemhamishia jikoni" inamwambia. Wiki sita zinatosha. Usiandike ukiwa na hasira ukajaza matusi, maana kuna siku litasomwa na mtu mwingine.

Afu ujue unalalamikia nini hasa kwenye huo muziki. Mara nyingi ni besi. Sauti nyembamba inazuiwa na ukuta na dirisha, besi inapita, unafunga madirisha yote na bado kifua kinagonga, na wao wakija kwako na kusimama nje mchana wanasema mbona hatusikii. Kwahiyo usiwaombe tu "punguzeni", waombe vitu viwili: besi ishushwe na spika zigeuzwe ziangalie upande mwingine, na saa ya kuzima iwe moja inayojulikana. Watu wanakubali ombi lenye umbo. Moto nao uombee kitu cha kueleweka, usiwashwe siku ya upepo, pazunguke ukanda uliofyekwa mpaka udongo, na mtu asilale mpaka wamwage maji majivu yapoe, mkono ukigusa. Makaa yaliyofukiwa mchanga yanakaa na moto mpaka kesho yake, upepo wa asubuhi unayafufua nao wameshaondoka.

Kazi ya dada wa nje ya nchi ni hii. Mtu wa mbali kwenye familia kama hizi mara nyingi ndo anasikilizwa na wote saba kwa sababu hagombani nao kila siku. Mwandikie yeye, kwa adabu, ambatanisha kurasa mbili za daftari, na umuombe kitu kimoja tu: wateue mtu mmoja mwenye simu inayopokelewa wikiendi. Usimuombe akuamulie ugomvi. Ukishapata namba moja, nusu ya uchovu wako unaondoka, maana kwa ninavyoisoma barua yako kinachokuchosha ni kuzungushwa kama mpira, hata kuliko spika. Na kama zikipita wiki nyingine bila mtu kuteuliwa, daftari lako liko tayari, lipeleke kwa uongozi wa eneo, na kwa mamlaka inayosimamia kelele kama ipo.

Mume wako msalimie. Mwambie nimeelewa.

SWALI: Tunaenda shamba la familia kupumzika wikiendi lakini jogoo wa jirani anaanza saa kumi alfajiri, na trekta saa kumi na mbili. Tunaweza kudai utulivu? – Mpenda kimya

JIBU: Ufaransa walijaribu. Mwaka 2019 wenye nyumba ya likizo kwenye kisiwa cha Oléron walimshtaki jirani kwa sababu ya jogoo anaitwa Maurice, mahakama ya Rochefort ikamwacha jogoo awike na walalamikaji wakalipishwa. Januari 2021 bunge lao likapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Nunua pamba za masikio, na ukimuona huyo jirani wa trekta muulize kama shangwe zenu za usiku zinamwacha alale, maana yeye ndo anaamka saa kumi na moja.